Mapumziko ya Watu Wazima, na Furaha Isiyomaliza Fedha

Fundisho la mwezi kwa waalimu wa sharika na kwa wote wajuao kusoma

Masomo: Kumbukumbu la Torati 5:12-15; Marko 6:30-32; Mathayo 6:26-29



Habari za kazi tumezisema mara nyingi. Mvivu tumemkemea, na mwenye bidii tumemsifu, na hayo yote ni haki. Lakini ziko saa ambazo si za kazi wala si za usingizi: jioni baada ya kuweka jembe, siku ya Bwana baada ya ibada, na majuma yale yaliyo kati ya mavuno na kilimo. Mtoto hahitaji kufundishwa namna ya kuzitumia saa hizo, maana akiachwa hucheza. Mtu mzima ndiye apataye shida. Amekwisha kusahau michezo ya utoto wake, wala hakujifunza mingine. Basi kazi ikikoma hukaa tu, na mwenye kukaa tu hapiti siku nyingi kabla hajaitwa mahali.

Kwa hiyo twataka kuuliza mwezi huu: mtu mzima apumzikeje pasipo kuimaliza fedha ya nyumba, wala kumlemea mwingine? Twaandika tukiwakumbuka hasa ndugu zetu wa Kemambo katika wilaya ya Tarime, na wale walio ng'ambo ya mto Mara katika wilaya ya Serengeti. Wazee wao walichunga ng'ombe na kulima ulezi na mtama, na jioni zao zilikuwa na desturi zake za hadithi, vitendawili na litungu. Tangu mgodi mkubwa wa dhahabu wa North Mara ulipoanza kazi mwaka 2002, fedha imekuwa na mwendo mwingine. Mwenye ajira hupokea mshahara kwa mwezi. Mwenye kuitafuta dhahabu kwa mikono yake huweza kupata leo na kukosa juma zima. Fedha ijayo kwa ghafula na saa iliyo tupu zikikutana njiani, wa tatu huja kuzila zote mbili. Jina lake twalijua. Zamani aliitwa pombe peke yake. Sasa ana ndugu, naye ni kamari ya simu.

1. Neno la Mungu lasema nini juu ya mapumziko?

Wako wanaodhani kupumzika ni udhaifu wa mwili tu, ambao Mungu auvumilia. Sivyo. Katika Katekisimo yetu Amri ya Tatu ndiyo amri ya siku takatifu, na katika Kumbukumbu la Torati mlango wa tano Musa aeleza sababu yake. Awakumbusha Waisraeli kwamba walikuwa watumwa katika nchi ya Misri. Mtumwa hana saa iliyo yake. Walipoomba siku chache za kwenda kumwabudu Mungu jangwani, Farao aliwajibu kwamba wao ni wavivu, akawaongezea mzigo, nao wakalazimika kutafuta majani wenyewe na kutoa hesabu ile ile ya matofali. (Someni Kutoka mlango wa 5.) Basi mtu akisema kwamba kila apumzikaye ni mvivu, na aangalie amelipata wapi neno hilo. Halikutoka Sinai, lilitoka katika nyumba ya Farao.

Lakini tazameni tena katika amri hiyo. Yamtaja mwenye nyumba, kisha mwana na binti, mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, hata mgeni aliye ndani ya malango. Na mwisho yasema sababu, kwamba mtumwa na mjakazi wapumzike sawasawa na yeye bwana wao. Martin Luther aliliona jambo hilo alipoandika Katekisimo Kubwa mwaka 1529. Alifundisha kwamba siku takatifu yashikwa hata kwa ajili ya mahitaji ya mwili, ili watumishi na wajakazi waliofanya kazi juma zima wapate siku moja ya kuburudika. Na zaidi ya hayo, ili watu wapate nafasi ya kukusanyika na kulisikia Neno. Hapa tumepata kipimo cha kwanza cha mapumziko mema. Tusiulize tu kama mimi nimepumzika. Na tuulize: kwa kupumzika kwangu, nani mwingine amepumzika, na nani ameongezewa mzigo?

Tena Bwana wetu mwenyewe, mitume waliporudi kutoka katika safari yao, aliwaita waende naye mahali pasipo watu wapumzike kidogo, kwa maana hawakuwa na nafasi hata ya kula. Hakungoja kazi iishe, kwa kuwa kazi ile haikuwa na mwisho.

2. Uraibu ni neno lenye pande mbili

Katika Kiswahili tunalo neno uraibu. Laweza kuwa jina la jambo dogo alipendalo mtu, ambalo hulifanya kwa kujifurahisha. Nalo pia laweza kuwa jina la mazoea yaliyomfunga mtu, kama ya tumbaku na ulevi, hata hawezi kuyaacha. Lugha yetu haikukosea. Mambo hayo mawili hukaa mlango mmoja. Mtu huanza kwa kujiburudisha, na akiamka siku moja aona yeye ndiye aliyetawaliwa.

Twawezaje kuyapambanua? Na tumwulize mtu maneno matatu. Kwanza, ukirudi nyumbani kutoka katika jambo lako hilo, fedha ya chakula na ya shule ipo? Pili, waweza kuliacha majuma mawili bila hasira? Tatu, watu wa nyumbani mwako hufurahi wakuonapo ukilianza, au huingia ndani wakanyamaza? Mwenye kujibu vema yote matatu ana uraibu ulio mwema. Mwenye kushindwa hata moja, na aangalie.

Vijana, na hata wazee, huweka fedha juu ya michezo ya mpira ya nchi za mbali, na ile orodha ya michezo waliyoichagua huiita mkeka. Tunashangaa sana kwa jina hilo. Mkeka tuliojua sisi husukwa kwa siku kadhaa, kisha nyumba nzima huulalia miaka. Mkeka huu wa simu hufumwa kwa dakika moja, na asubuhi mwenyewe huona kwamba amelala chini. Wala mchezo huo haukuwekwa ili wachezaji wapate faida. Mwenye kuuendesha hupanga malipo yake hata, hesabu zote zikijumlishwa, abaki yeye na zaidi. Anayeshinda leo hulipwa kwa fedha ya wengi walioshindwa, na mara nyingi huirudisha kesho.

3. Nyumba ya Luther na michezo yake

Labda mwalimu mmoja atasema: mambo haya si ya Kanisa. Na atazame nyumba ya Luther katika mji wa Wittenberg. Mtu huyu alikuwa na kazi nyingi kupita wengi wetu: alihubiri, alifundisha, alifasiri Biblia, alijibu barua zisizohesabika. Walakini alipiga kinanda cha nyuzi, na baada ya chakula aliimba pamoja na watoto na wageni wake. Karibu na mwaka 1527 alimwandikia rafiki yake Wenzeslaus Link, aliyekaa Nuremberg, akimwomba mbegu za bustani, na tena vyombo vya kukerezea mti, maana yeye na mtumishi wake Wolfgang Sieberger walikuwa wameanza kujifunza kazi ya kukereza. Alikuwa mtu mzima wa miaka zaidi ya arobaini, naye alianza kujifunza kama mwanafunzi.

Wolfgang huyo naye alikuwa na uraibu wake, ndio kutega ndege. Mwaka 1534 Luther aliandika barua ya mzaha, kana kwamba ndege wenyewe wamemletea mashtaka juu ya mtumishi wake. Katika mashtaka hayo ndege wasema kwamba Wolfgang amenunua nyavu kuukuu zilizoharibika kwa bei kubwa, apate kuwanasa. Basi mwaona kwamba swali letu la gharama si jipya. Hata katika nyumba ile alikuwako mtu aliyetoa fedha nyingi mno kwa mchezo wake, na bwana wake alimwonya kwa kicheko wala si kwa fimbo. Namna hiyo ya kuonya na iwe mfano kwetu.

4. Kazi ndogo za furaha ambazo kila mtu aweza kuzianza

Sasa tuyataje machache, yale ambayo twajua hayataki fedha nyingi.

Litungu na uimbaji. Wakurya wana litungu, ambalo wenyewe huliita iritungu, chombo chenye nyuzi nane na tumbo la mti lililowambwa ngozi. Mpigaji huketi akalipiga kwa vidole vyake. Kama yuko Mkristo adhaniaye chombo hiki ni cha kilabu cha pombe tu, na akumbuke ya kwamba kinubi alichokipiga Daudi mbele ya Sauli kilikuwa cha ukoo uo huo: nyuzi zilizotandwa juu ya tumbo la mti, zenye kushikwa na mikono miwili ya mti na kipande kinachoiunganisha juu. Sauli alipata nafuu kwa sauti yake (1 Samweli 16:23). Chombo hakina dhambi. Dhambi hutoka kwa watu. Mzee ajuaye kulitengeneza na kulipiga na atafutwe angali hai, na mtu mmoja au wawili wakae miguuni pake. Katika miaka ya 1960 mmisionari Howard Olson, aliyekuwa mwalimu katika chuo cha Makumira, alikusanya nyimbo za Kiafrika pamoja na wanafunzi wake, na nyingi za hizo huimbwa leo hata katika makanisa ya Ulaya na Marekani. Nyimbo hizo hazikununuliwa, zilisikilizwa tu. Nani azisikilizaye zile za Mara?

Bao. Bao la Waswahili lina safu nne za mashimo nane, na kete sitini na nne. Asiye na ubao na achimbe mashimo thelathini na mawili katika udongo mgumu chini ya mti, akaokote mbegu, naye amekwisha kupata mchezo ambao hataumaliza maisha yake yote. Bao halina bahati. Hakuna kete ya kurushwa wala karata ya kufichwa. Kila kitu ki wazi mbele ya macho ya wote wawili, na mwenye kushindwa hushindwa kwa akili. Kwa sababu hiyo hufundisha hesabu, saburi na unyenyekevu. Tena huwaketisha watu wawili wakitazamana. Katika nchi ambayo koo zimepigana mara nyingi kwa ajili ya ng'ombe na mipaka, si jambo dogo mtu wa huku na mtu wa kule kuketi pande mbili za bao moja. Neno moja tu twaliagiza: pasiwekwe fedha, wala soda, wala kuku. Siku iwekwapo dau, mchezo umekufa, na kamari imekaa katika kiti chake.

Kusoma na kuandika. Mfano mkubwa hauko mbali. Julius Nyerere alizaliwa Butiama, katika mkoa uo huo wa Mara, mwaka 1922. Alikuwa na nchi nzima ya kuiangalia, na pamoja na hayo alifasiri michezo miwili ya Shakespeare kwa Kiswahili: habari za Julius Caesar, iliyotolewa mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Na katika uzee wake, yeye aliyekuwa Mkatoliki, aliigeuza Enjili kuwa tenzi, nazo zilipigwa chapa mwaka 1996, miaka mitatu kabla ya kufa kwake. Kazi hiyo hakuamriwa na mtu. Aliifanya kwa kuipenda lugha na kulipenda Neno, na vyombo vyake vikubwa vilikuwa karatasi na kalamu. Tena alipenda sana kucheza bao.

Si kila mtu ataweza kufasiri vitabu, lakini kila ajuaye kuandika aweza kununua daftari moja. Na aandike majina ya babu zake hata atakapofika mwisho wa kumbukumbu za wazee. Aandike walikotoka na walikohamia, miaka ya njaa na majina yake, methali za Kikurya na maana zake, majina ya miti na dawa ya kila mti. Katika Kemambo kazi hii ni ya haraka kuliko mahali pengine. Ambapo machimbo yamechukua nafasi, watu wamehama, na makaburi na mashamba na miti iliyokuwa alama ya mipaka haipo tena. Mahali hapo hapatakuwako tena isipokuwa katika kumbukumbu. Mtoto wako akiuliza kesho, "Baba, kwetu palikuwa wapi?" daftari ndiyo itakayojibu.

Bustani ndogo. Asiye na shamba na achukue gunia. Alitie udongo uliochanganywa na samadi iliyoiva, na katikati aweke mkebe uliotolewa matako, aujaze mawe madogo, akiuvuta juu kidogo kidogo kadiri udongo unavyopanda, hata pawe na nguzo ya mawe tangu chini hata juu. Maji humiminwa juu ya mawe hayo, nayo hufika pande zote. Kisha na atoboe matundu ubavuni mwa gunia, apande sukuma wiki na mchicha ubavuni, na mnavu juu. Gunia moja lililotunzwa vema husaidia mboga za nyumba kwa muda mrefu, nalo hukaa mahali padogo kama kiti. Na maji yawe ya mvua yaliyokingwa, au mengine mjuayo kuwa safi. Tena msione haya kupanda ua moja lisiloliwa. Bwana alipotuagiza tuyatazame maua ya kondeni, hakusema yanafaa kwa mboga.

Kuwatazama ndege. Hii ndiyo rahisi kupita zote, maana haitaki hata daftari, ijapokuwa daftari hufaa. Nchi ya Serengeti ina aina za ndege zaidi ya mia tano. Ziko nchi ambazo watu wake hutoa fedha nyingi na kuvuka bahari ili kuwaona, nasi twapita chini yao bila kuinua macho. Mtazameni kwera dume asukavyo kiota kwa majani mabichi, kisha jike huja kukikagua. Kisipompendeza hukiacha, na dume huanza tena. Mtazameni fundichuma, ndege asiye mkubwa, ajengaye kwa vijiti na udongo nyumba kubwa kupita kimo chake mara nyingi. Angalieni mwezi gani mbayuwayu watokao Ulaya hufika, na mwezi gani hurudi. Andikeni siku hiyo kila mwaka, na baada ya miaka mitano mtakuwa na elimu ambayo wataalamu wataitaka. Lakini mtazamao ndege wa mtoni, simameni mbali na ukingo wa Mara, maana mamba naye hutazama. Bwana aliposema watazameni ndege, aliwaweka kuwa waalimu wetu, kama alivyoeleza Luther alipofundisha juu ya hotuba ya mlimani. Mwanafunzi asiyemtazama mwalimu wake atajifunza nini?

Kazi za mikono. Kusuka vikapu na mikeka kwa mafunjo au katani, kufuma kwa sindano, kuchonga vigoda na miiko, kurekebisha viti na redio zilizoharibika: kila moja ina utamu wake, nayo hufundishwa bure na jirani ajuaye, kama ukimwendea kwa heshima.

5. Na mama wa nyumba je?

Hapa yatupasa kusema wazi. Baadhi ya wasomaji wetu wanawake, wakiyasoma haya, watacheka kwa uchungu. Watasema: bao ni jema, na litungu ni jema, lakini sisi saa hiyo tu kisimani. Mume akirudi kutoka kazini, kazi yake imekwisha. Mke akirudi kutoka shambani, kazi ya pili yamngoja mlangoni: maji, kuni, unga, watoto, wagonjwa. Siku ya Bwana yenyewe, baada ya ibada, mume huketi kivulini na wageni, na mke hupika kwa ajili yao.

Na turudi katika amri. Mjakazi na apumzike sawasawa na wewe. Ikiwa mjakazi ana haki hiyo mbele ya Mungu, mke wako si zaidi? Mapumziko ya mtu mmoja yakisimama juu ya mgongo wa mwingine si sabato. Ni Misri ndogo iliyojengwa nyumbani. Hata nyumba ya Luther, tuliyoisifu, ilisimama kwa mikono ya Katharina mkewe, aliyetunza bustani na mabwawa ya samaki na mifugo, akatengeneza bia ya nyumba, akalisha wanafunzi na wageni wengi. Mwaka 1535 Luther alimwandikia rafiki yake kwamba amemwahidi mkewe gulden hamsini kama akiimaliza Biblia yote kabla ya Pasaka, naye Katharina anaisoma kwa bidii. Twapenda kusikia kwamba alisoma. Lakini wake wa sharika zetu hawahitaji gulden. Wahitaji mtu wa kuteka maji jioni ile.

Basi shauri letu ni hili. Kabla mwanamume hajachagua uraibu wake, na amwulize mkewe: wewe ungependa nini, na ni kazi gani niichukue ili upate saa yako? Kisha aichukue, yeye au wanawe wa kiume, nao wakate kuni au wateke maji siku mbili katika juma. Watu watacheka mwanzoni. Waache wacheke, kicheko hakivunji ndoo. Na mama naye asiione saa hiyo kuwa wizi. Akitaka kufuma, afume. Akitaka kuimba, aimbe. Akitaka kulala, alale, maana usingizi nao ni kipawa.

6. Namna ya kuanza katika usharika

Waalimu wapendwa, jambo hili litaanza vema likianza dogo. Chagueni jioni moja katika juma, na mahali palipo wazi ambapo kila mtu aweza kupita akaona. Mmoja alete bao, mwingine kitabu, mwingine kazi yake ya kufuma. Kitabu kimoja chenye kusomwa kwa sauti chatosha watu kumi, nao wasiojua kusoma hawataachwa nje. Pawe na uji au chai ikiwezekana, isipowezekana, maji.

Twawaonya juu ya mambo matatu. Msikifanye kikundi hiki kuwa mkutano mwingine wa kanisa, wenye mwenyekiti, mhazini na michango; kikishaanza kudai michango, maskini ataondoka kwanza, naye ndiye tuliyemtaka. Msikifanye kuwa mashindano, maana penye tuzo pana manung'uniko. Wala msiharakishe kukigeuza kuwa biashara. Twajua umaskini wetu, na mtu akiuza vikapu vyake twashukuru. Lakini jambo likiisha kupimwa kwa faida peke yake limekuwa kazi, na mtu yule atahitaji tena mapumziko mengine.

Wako watakaosema, "Sisi hatuna nafasi, haya ni mambo ya matajiri." Twawajibu kwa upole. Tajiri akikosa mapumziko mema hupoteza sehemu ya fedha yake. Maskini akikosa mapumziko mema hupoteza ada ya shule ya mtoto. Tena wako waliopunguzwa kazini na waliostaafu, ambao nafasi wanayo nyingi mno, hata yawachosha kuliko kazi. Mtu aliyehesabiwa thamani yake kwa mshahara, mshahara ukikoma hudhani naye amekoma. Waendeeni hao kwanza. Msiwapelekee hotuba, chukueni kete sitini na nne, mketi nao.

Maswali ya kuulizana

1. Katika Kumbukumbu la Torati 5, ni nani waliotajwa kuwa wapumzike? Nyumbani mwako, ni nani kati yao asiyepumzika?

2. Farao aliwaita Waisraeli wavivu kwa sababu gani? Je, sisi nasi hunena hivyo juu ya watu wetu?

3. Ni nini kipambanuacho uraibu mwema na uraibu ufungao? Tumieni maneno matatu yaliyo katika sehemu ya 2.

4. Katika usharika wenu, ni mzee gani ajuaye kupiga litungu, kusuka, au kusimulia habari za kale? Ni nani atakayemwendea juma hili?

5. Kila mume na ajibu mbele ya mkewe, wala si mbele ya mkutano: ni kazi gani utakayoichukua?

Mungu, aliyeipumzikia kazi yake siku ya saba akaibariki siku hiyo, awape saa njema ninyi na nyumba zenu, na azijaze yeye mwenyewe, asije mwingine akazijaza.